Tofali za udongo na saruji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila siku kutoka kwa watu wanaotaka kujenga nyumba, choo, darasa au tenki la maji bila akiba yao yote kuishia kwenye kuta. Tumeyajibu kadiri yanavyokuja, mengine kwa urefu mengine kwa mstari mmoja tu. Ila kabla hujaanza kusoma shika hili moja, mashine haitengenezi tofali zuri. Tofali zuri linatoka kwenye udongo uliochaguliwa vizuri na kwenye maji ya zile siku saba za kwanza, mashine inakandamiza tu ulichoiletea.

Hizi tofali ni nini hasa?

Ni udongo wa chini (sio ule wa juu wa kulimia) uliochekechwa, ukachanganywa na saruji kidogo na maji kidogo sana, alafu ukakandamizwa kwa nguvu ndani ya mashine. Hazichomwi. Zinatoka kwenye mashine zikiwa na umbo kamili, zinafunikwa, zinamwagiliwa, na baada ya wiki nne hivi ziko tayari kujengewa.

Tofali la tope la kawaida linakauka kwa jua na mvua ikilikuta linarudi kuwa tope. La kuchoma linakomaa kwa moto wa karibu nyuzi joto 1,000. Hili letu linashikwa na vitu viwili, mkandamizo unaosogeza chembe zikabanana, na saruji inayozifunga zisiachane zikilowa. Ukikosea kimoja kingine hakikuokoi.

Na sio kitu cha jana. Mashine ya mkono iliyofanya tofali hizi zisambae duniani inaitwa CINVA-Ram, ilibuniwa Bogotá, Colombia, miaka ya 1950 na injinia Raúl Ramírez kwenye kituo cha utafiti wa makazi cha CINVA. Mashine nyingi za mkono unazoziona leo zenye mpini mrefu wa chuma ni watoto na wajukuu wa ile.

Inasemekana tofali hizi ni rafiki wa mazingira, mbona zina saruji humo humo?

Swali zuri na linastahili jibu la kweli. Saruji inatengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye tanuri linalofika nyuzi joto 1,450 hivi, na jiwe lenyewe likichomwa linaachia kaboni, ndo maana viwanda vya saruji vinahesabiwa kutoa karibu asilimia 7 hadi 8 ya kaboni yote inayotokana na shughuli za binadamu. Kwahiyo kila mfuko tunaopunguza una maana.

Faida ya tofali hizi iko sehemu tatu. Hakuna kuni wala mkaa wa kuchomea, na ukitaka kujua hiyo ni kubwa kiasi gani angalia miti inavyoisha kuzunguka tanuri za tofali. Pili udongo mara nyingi unatoka pale pale kwenye kiwanja au jirani, lori halihangaiki. Tatu saruji ni asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito, na zile zinazofungamana (zenye ulimi na mfereji wa kupachikana) zinakuondolea karibu mota yote na mara nyingi plasta ya nje pia, huko nako saruji inapungua.

Lakini fundi akikuongezea saruji mpaka asilimia 12 au 15 kwasababu udongo ni mbaya na hataki kutafuta mwingine, basi hiyo faida imeyeyuka na pesa yako pia. Udongo mbaya tiba yake ni kuurekebisha au kuuacha.

Udongo gani unafaa?

Hapa tulia kabisa maana ndo penyewe.

Kwanza ondoa udongo wa juu, sentimita 20 hadi 30 na sehemu nyingine zaidi, ule wenye mizizi, majani yaliyooza na harufu ya shamba. Huo unaharibu ushikaji wa saruji, usiuchanganye hata kidogo, uweke pembeni urudishe kwenye bustani. Unachotafuta ni ule wa chini yake, mara nyingi mwekundu au wa kahawia, wenye changarawe ndogo na mchanga na kiasi cha mfinyanzi (udongo laini unaonata). Murram (moramu) unafaa sana.

Mchanganyiko unaopendwa uko hivi, changarawe ndogo asilimia 15, mchanga 50, vumbi laini 15 na mfinyanzi 20. Sio lazima ufike hapo kamili, ukiwa na mfinyanzi kati ya 10 na 30 na mchanga wa kutosha unaweza kufanya kazi. Mfinyanzi ukipungua sana tofali linavunjika kona likitoka tu kwenye mashine hata kabla saruji haijashika, na ukizidi tofali linasinyaa na kupasuka.

Kupima nyumbani chukua chupa ya kioo au ya plastiki inayoonyesha ndani na yenye mdomo mpana, jaza udongo robo, ongeza maji mpaka karibu na shingo, weka chumvi kidogo isaidie chembe kutulia, funga, tikisa kwa nguvu dakika nzima, acha, tikisa tena, alafu iweke mezani usiiguse. Utaona mambo yanajipanga yenyewe. Changarawe na mchanga zinashuka ndani ya dakika moja au mbili na unaona mstari wake chini, vumbi laini linafuata taratibu, na mfinyanzi unabaki umechafua maji masaa mengi mpaka kesho yake ndo unatulia juu kama utando laini. Shika rula upime kila tabaka. Haitakupa namba za maabara (mfinyanzi unavimba ndani ya maji kwahiyo unaonekana mwingi kuliko ulivyo) lakini itakwambia kama una mchanga wa maana au la.

Kipimo cha pili ni cha kusinyaa na hiki usikiruke. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sm 60, upana sm 4 na kina sm 4, kipake mafuta ndani, jaza udongo uliolowekwa vizuri na ukaushindilia kwenye kona zote, sawazisha juu, alafu weka juani siku tatu au kivulini wiki moja. Ukikauka usukume wote upande mmoja na upime pengo lililobaki upande wa pili. Pengo hilo ndo litakupangia saruji, soma swali la uwiano hapo chini.

Udongo wangu ni mweusi, unapasuka kiangazi na kunata kama gundi wakati wa mvua. Inakuwaje?

Huo kwa saruji peke yake achana nao. Unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na saruji kidogo haiwezi kuuzuia. Kuna njia mbili, kuuchanganya na mchanga mwingi mpaka kipimo cha sanduku kikubali, au kutumia chokaa iliyozimwa badala ya saruji au pamoja nayo, chokaa inaelewana na mfinyanzi kuliko saruji inavyoelewana nao. Ila chokaa inakomaa polepole, inahitaji wiki nyingi zaidi za unyevu, usiwe na haraka.

Na huo udongo usikusumbue kwenye tofali tu, utakusumbua kwenye msingi pia. Kiwanja cha namna hiyo tafuta injinia akuangalizie msingi hata kama nyumba ni ndogo.

Udongo wa karibu na bahari je?

Chumvi. Inatoka nje ya ukuta kama unga mweupe na inakula uso wa tofali taratibu. Tafuta udongo mwingine.

Uwiano wa saruji ni ngapi, na mfuko mmoja unatoa tofali ngapi?

Rudi kwenye kisanduku. Kwa mashine inayokandamiza vizuri, mwongozo unaotumika sana ni huu: pengo likiwa chini ya mm 15 tumia ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 18 za udongo, mm 15 hadi 30 ndoo 1 kwa 16, mm 30 hadi 45 ndoo 1 kwa 14, mm 45 hadi 60 ndoo 1 kwa 12. Ikizidi mm 60 usihangaike na saruji, punguza mfinyanzi kwa kuongeza mchanga kisha upime upya. Mashine ya mkono isiyo na nguvu sana usianze na 18, ongeza saruji kidogo.

Sasa hesabu ya mfuko, maana hapa watu wanadanganywa. Tofali la sm 29 kwa 14 kwa 11.5 lina uzito wa kilo 9 hivi. Ukitumia 1 kwa 18 mfuko wa kilo 50 unakupa tofali 90 kwenda juu kidogo, ukitumia 1 kwa 12 unakupa 60 na ushee. Mtu akikuahidi tofali 200 kwa mfuko mmoja kaa naye mpige hesabu, tofali 200 mara kilo 9 ni kilo 1,800, saruji ndani yake ni kilo 50, hiyo ni chini ya asilimia 3 na kwa kiasi hicho saruji haifanyi kazi yoyote ya maana, unakuwa umenunua tofali la tope lililopakwa jina.

Kingine pima kwa ndoo, sio kwa koleo. Koleo la asubuhi na koleo la saa tisa mchana mtu amechoka havilingani.

Maji kiasi gani?

Machache kuliko unavyofikiri. Changanya kwanza udongo na saruji vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ugeuze mara tatu nne kutoka rundo moja kwenda lingine, ndo uanze kunyunyizia maji kwa keni yenye matundu ya kumwagilia bustani huku mwenzako anageuza. Usimwage ndoo katikati kama unachanganya zege.

Kujua yametosha chukua konzi ya mchanganyiko, ubane mkononi uwe donge, unyooshe mkono usawa wa bega, uliachie lianguke kwenye sehemu ngumu. Likisambaratika likawa unga ni kavu, ongeza maji kidogo. Likibaki donge moja lililobonyea au likapasuka vipande viwili tu ni mbichi mno. Likivunjika vipande vinne vitano hapo ndo penyewe. Kipimo hiki kirudie kila rundo, sio la asubuhi tu, maana jua linakausha na udongo wa chini ya lundo una unyevu tofauti na wa juu.

Alafu changanya kiasi utakachomaliza ndani ya nusu saa, ikizidi sana dakika 45. Saruji ikishalowa haikusubiri ule chakula, na ule mchanganyiko uliokaa ukiuongezea maji ili ulainike tena unakuwa umeshaivunja ile saruji ilipoanza kushika.

Mashine ya mkono au ya injini?

Inategemea kazi. Ya mkono na timu ya watu watano sita wanaojua kupokezana mnaweza kufyatua tofali 300 hadi 500 kwa siku, haina mafuta, haina umeme, ikiharibika fundi wa kuchomelea anaitengeneza, na unaibeba mpaka kiwanjani. Ya injini yenye haidroliki inapita tofali elfu moja kwa siku na inakandamiza zaidi, ila ikisimama kazi yote imesimama. Kwa nyumba moja ya familia ya mkono inatosha kabisa, na kukodisha ni bora kuliko kununua labda uwe unataka kuifanya biashara.

Yoyote utakayochukua, ijaze kiasi kile kile kila mara. Tumia kopo moja la kupimia. Udongo ukipungua tofali linatoka jepesi na dhaifu hata kama kwa macho liko sawa na wenzake.

Kumwagilia ni lazima siku zote saba?

Ndiyo. Lazima.

Tunajua inavyokuwa, tofali zimetoka zinang'aa, zimepangwa, kila mtu amechoka, na jioni ile zinaonekana ngumu tayari. Ule ugumu ni wa mkandamizo na wa kukauka, sio wa saruji. Saruji inakuwa ngumu kwa kula maji, ikinyimwa maji siku ya pili inaacha hapo ilipofika na hata ukija kumwaga pipa zima wiki ijayo haitarudi ikawa ilivyotakiwa. Tofali nyingi sana zinazolaumiwa kwamba udongo haufai zilikuwa na udongo mzuri tu, zilikufa kwa kiu.

Fanya hivi. Zikitoka kwenye mashine zibebe kwa mikono miwili kwa kubana pande, usishike kona. Zipange kivulini juu ya ardhi iliyosawazishwa na kutandikwa nailoni, siku ya kwanza usipandanishe sana, baadaye mwisho tabaka tano. Funika kwa nailoni lote mpaka chini na ubane kingo kwa mawe upepo usiingie. Kuanzia kesho yake nyunyizia asubuhi na jioni, na ukifunua nailoni uone matone kwa ndani, ukikuta pakavu ujue umechelewa. Siku saba hivyo bila kuruka. Kisha ziache zikauke taratibu zikiwa zimefunikwa juu kwa majani au turubai mpaka zifike siku 28 ndo ujenge.

Kama kiwanja hakina maji ya uhakika, panga maji kwanza kabla hujakodi mashine.

Nitajuaje tofali zangu ni imara?

Maabara ndo jibu la uhakika, na nchi kadhaa zina viwango vyake rasmi vya tofali hizi, mfano Kenya kuna KS 02-1070 na India kuna IS 1725, uliza kwenu kipo kipi. Peleka tofali chache wazibane zikiwa kavu na zikiwa zimelowa, namba ya zilizolowa ndo ya kuangalia maana tofali likilowa linaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu.

Kwa kiwanjani, chukua tofali la siku 28 lipime uzito, litumbukize kwenye maji masaa 24, litoe lifute lipime tena. Uzito usiongezeke zaidi ya asilimia 15, yaani la kilo 9 lisizidi kilo 10.3 hivi. Angalia maji ya ndoo, yakiwa yamejaa tope na kona za tofali zimelainika hiyo bechi usiipandishe ukutani. Lingine liweke kama daraja juu ya tofali mbili, mtu mzima asimame katikati, likikatika ni dhaifu. Na gonga mbili kwa pamoja, zilizoiva zinalia, zisizoiva zinatoa sauti ya bubu.

Nyumba inakula tofali ngapi?

Za kufungamana za kipimo tulichotaja ni 30 kwa kila mita moja ya mraba ya ukuta. Tuseme nyumba ya mita 8 kwa 6, ukuta wa nje una mzunguko wa mita 28, urefu wa kwenda juu mita 2.7, hiyo ni mita za mraba 75 na nukta. Kuta za ndani za mita 14 ni 38 hivi. Jumla 113, toa milango na madirisha kama 15, zinabaki 98. Mara 30 ni 2,940, ongeza asilimia 5 ya kuvunjika, piga 3,100. Kwa wastani wa tofali 80 kwa mfuko ni mifuko 39 ya saruji kwa tofali zote, bado msingi na lenta (mkanda wa zege na nondo unaozunguka kuta).

Zile za kufungamana zinajengwa bila mota kweli?

Kozi ya kwanza (mstari wa kwanza wa tofali) inakaa kwenye mota, na hiyo ndo yenye kazi. Isawazishe kwa pimamaji na uzi mpaka usione kosa, tumia siku nzima ukitaka, maana kosa la milimita tatu chini ukifika kozi ya ishirini ukuta umeshaenda zake. Baada ya hapo unapachika ulimi kwenye mfereji, unagonga kwa nyundo ya mpira, unaangalia timazi kila kozi tatu nne. Mafundi wengine wanapaka uji mwembamba wa udongo na saruji kuziba nafasi, sawa tu.

Kwenye kona na pembeni mwa milango na madirisha nondo inashuka kwenye matundu ya tofali alafu yanajazwa zege laini. Juu ya madirisha na mwisho wa ukuta pita na lenta kuzunguka nyumba yote, kuna tofali za umbo la U zinazokuwa fomu yenyewe ya kumwagia zege, mbao hazihitajiki. Hiyo lenta usikubali fundi akuambie haina haja kwasababu tofali zinajifunga. Zinajifunga zisitoke kwenye mstari tu, upepo na mtikisiko ni habari nyingine.

Mvua haitaimaliza nyumba?

Haitaimaliza ukiikinga na maji sehemu mbili, chini na juu. Chini, msingi wa mawe au zege upande juu ya ardhi sm 30 angalau, alafu DPC (tabaka la kuzuia unyevu usipande ukutani) kabla ya tofali la kwanza, alafu ardhi inayozunguka nyumba iwe na mteremko wa kupeleka maji mbali. Matone ya paa yanarusha tope kwenye ukuta, ndo maana sehemu ya chini inachakaa kwanza. Juu, paa litoke nje ya ukuta sm 60 au zaidi. Paa fupi ndo adui mkubwa wa nyumba hizi kuliko kitu chochote na watu wanalipunguza eti kuokoa bati.

Lazima nipige plasta?

Nje sio lazima, wengi wanaacha tofali lionekane na wanaziba mistari tu. Upande unaopigwa na mvua ya upepo unaweza kupaka plasta nyepesi, yenye mchanga, udongo uliochekechwa na saruji kidogo. Plasta ya saruji nyingi ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, inapasuka, maji yanaingia nyuma yake, na siku moja inabanduka na uso wa tofali. Bafuni na jikoni palipo na maji weka plasta ya kuzuia maji au vigae.

Naweza kupandisha ghorofa?

Inawezekana na imefanyika, Auroville kule India kuna majengo ya ghorofa ya tofali hizi, na wamekuwa wakizifanyia kazi na kufundisha watu miaka mingi. Lakini hiyo ni kazi ya injinia anayejua uzito unashukaje, sio ya kubuni njiani. Eneo la matetemeko vilevile, hata nyumba ya chini iwe na nondo za wima, lenta za kuzunguka na madirisha yasiyo karibu na kona.

Ndani kuna baridi kweli?

Ukuta mzito unachelewesha joto la mchana, kwahiyo mchana ndani panakuwa na unafuu. Ila bati tupu juu yake itakuunguza hata ukuta uwe wa nini. Mfano mzuri ni shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001. Diébédo Francis Kéré aliijenga na wanakijiji kwa tofali za udongo zilizokandamizwa na kuongezwa saruji kidogo, alafu akainua paa la bati juu kabisa ya dari ili hewa ya moto ipite katikati itoke. Shule hiyo ilipata tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na yeye mwenyewe mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya wasanifu majengo. Kwahiyo anayesema nyumba ya udongo ni ya mtu aliyeshindwa maisha mwonyeshe hiyo.

Mchwa?

Tofali hawali, wanapanda juu yake kufuata mbao. Ardhi ya msingi iwekwe dawa na mbao za kenchi pia.

Waya za umeme na mabomba yanapita wapi?

Kwenye matundu ya tofali za kufungamana, lakini amua kabla ya kujenga. Mwite fundi umeme siku ya kozi za mwanzo aonyeshe swichi na soketi zitakaa wapi, mabomba yake yashuke mnapopanda. Kuja kuchimba mifereji kwa tindo baada ya ukuta kuisha unaudhoofisha na unakuwa mbaya kuangalia. Bomba la maji bora lipite nje au kwenye njia yake yenyewe, likivuja ndani ya ukuta wa udongo utajua umechelewa.

Na shimo nilikochimba udongo?

Lipangie kazi kabla ya kuchimba, liwe shimo la choo, la tenki la chini la maji ya mvua, au bwawa la samaki. Shimo lililoachwa tu linajaa maji, mbu wanazaliana na mtoto anaweza kutumbukia. Wakati kazi inaendelea lizungushie uzio hata wa miti.

Kwahiyo ni nafuu kiasi gani?

Hakuna asilimia moja ya kumpa kila mtu, na anayekupa bila kuona kiwanja chako usimwamini. Unafuu upo kama udongo mzuri uko pale pale, kama unajenga tofali za kutosha gharama ya kukodi mashine ikagawanyika, na kama una watu wa kusaidiana. Unapotea kama udongo unaletwa na lori kutoka mbali, au kama unataka tofali mia tatu tu za kibanda.

Kumbuka pia ukuta ni sehemu tu ya nyumba. Paa, milango, madirisha, sakafu na msingi bei zake haziguswi na tofali. Anayesikia ukuta umeshuka bei akadhani nyumba nzima imeshuka hivyo hivyo anaishiwa pesa kwenye lenta.

Nianzie wapi?

Chimba mashimo matatu sehemu tofauti za kiwanja, udongo unaweza kubadilika ndani ya hatua chache. Kila shimo lifanyie kipimo cha chupa na cha sanduku. Kisha omba au kodi mashine siku moja tu, fyatua tofali kumi kumi kwa uwiano tofauti, 1 kwa 12, 1 kwa 14, 1 kwa 16, ziandikie kwa msumari zikiwa bado mbichi ili zisichanganyike, funika, mwagilia siku saba, subiri mpaka 28 alafu ziloweke na uzikanyage kama tulivyoeleza. Uwiano wenye saruji kidogo kuliko yote uliopita mtihani ndo wako, na ukiwa nao ndo uende ukatafute fundi na mashine ya kazi yenyewe.